Mama Yangu na Mwindaji wa Wanyonya Damu

Mama alinipigia simu siku ya Alhamisi, nikiwa dukani nawatolea wanafunzi kopi, akasema maneno machache tu. "Njoo Jumamosi. Nataka tuzungumze habari za binti yako."

Sina binti. Nina miaka thelathini na sita, niliolewa kwa miaka miwili nikaachika bila mtoto, na mama anayajua hayo kuliko mtu mwingine yeyote, maana ndiye aliyenipokea mlangoni na mabegi yangu. Nikamwuliza, "Binti gani, mama?"

"Huyo anayewachoma watu vijiti," akajibu, akakata simu.

Nilibaki nimeduwaa mbele ya mashine, karatasi zikiendelea kutoka zenyewe. Kumbe amejua.

Nina duka dogo la stationery Morogoro mjini. Nachapa barua za maombi ya kazi, kadi za harusi, mitihani ya majaribio ya shule za jirani. Kati ya mteja mmoja na mwingine, kwa miaka kadhaa sasa, naandika hadithi kwenye simu. Hadithi yenyewe ni ya msichana mwuza mdalasini ambaye kazi yake ya siri ni kuwawinda wanyonya damu kwenye milima ya Uluguru. Vijana wanawaita mavampaya. Wasomaji hawajawahi kuambiwa jina la msichana huyo, wanamwita Mwindaji, basi. Silaha yake ni kijiti cha mti wa mdalasini kilichochongwa ncha. Humkuta mnyonya damu gulioni, au msibani, au kwenye foleni ya benki, akamchoma kifuani, jamaa akamwagika majivu pale pale na watu wakaendelea na shughuli zao.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa mapenzi hata baada ya yaliyonipata, nilimpa mchumba: mnyonya damu mrefu, mpole, aliyeacha damu na anayeishi kwa juisi nyekundu ya maua ya rozela. Hiyo juisi ilizua mjadala wa wiki nzima kwenye grupu la wasomaji wangu. Kuna waliosema rozela haiwezi kumshibisha mwanaume, na kuna waliotaka kujua kama anawekewa sukari.

Nilikuwa narusha sehemu mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, kwenye grupu la simu lenye wasusi, walimu, wauguzi, na mke wa askari mmoja kule Ngerengere ambaye kila wapenzi wangu wakigombana hunitumia ujumbe wa sauti analia kweli kweli. Mama sikuwahi kumwambia. Yeye ni mtu wa kanisa, kiongozi wa akina mama pale kigangoni kwao, mlimani juu ya Mkuyuni. Isitoshe, watu wa umri wake hawasemi mavampaya. Wanasema mumiani, na wakilitaja neno hilo hupunguza sauti. Kwao si hadithi.

Jumamosi nilipanda kwenda nyumbani. Nilimkuta mama nje, yeye na binti wa mama mdogo, wakibandua maganda ya mdalasini. Binti huyo alimaliza kidato cha nne mwaka uliopita na anaishi na mama kumsaidia shamba. Aliponiona aliinamia kazi yake kama anatafuta sindano. Nikajua msomaji wa mama ni nani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo, chukua kisu."

Nikakaa, nikachukua kisu. Nikabandua ganda la kwanza. Kisha mama akasema, "Nimemsikia tangu mwanzo. Huyu ananisomea tukiwa kazini. Ni msichana hodari, sikatai. Hata kanga anaifunga kama mimi."

Sikujua kama nicheke au nijitetee. Ni kweli, kanga niliichukua kwake, ule mtindo wake wa kuikaza kiunoni na kuchomeka ncha kwa nyuma.

"Ila nina swali," mama akaendelea. "Yule mtu wa kwanza, aliyekuja na begi jeusi. Binti yako alijuaje kama ni mumiani?"

"Aliona meno yake, mama."

"Meno aliyaona baada ya kumchoma. Nilimwambia huyu arudie kusoma, akarudia mara mbili. Kabla ya hapo aliona nini?"

Nikafikiri. Hakuna mtu kwenye grupu aliyewahi kuniuliza hivyo. "Aliona begi," nikasema. "Na aliona kwamba ni mgeni."

"Basi," mama akasema, akaweka kisu chini. Ndipo akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia maishani mwangu, na nilikuwa nimelala naye chumba kimoja mpaka nikafika darasa la saba.

Alikuwa na miaka kama kumi. Siku hizo zilikuwa zimeenea habari kwamba mumiani wanapita milimani kutoa watu damu, na watoto walikatazwa kwenda mtoni peke yao. Yeye alikwenda, kwa ubishi tu. Alipofika aliona mwanaume asiyemjua amechuchumaa kwenye dimbwi, ana begi, na mbele yake amepanga vichupa vidogo vya kioo. Alikuwa anachota maji kwa kijiko kirefu, anayatazama kwenye mwanga, anayamimina kwenye kichupa. Mwanaume akageuka, akamwona, akatabasamu.

"Alitabasamu," mama akasema. "Hilo ndilo lililonitisha. Nikapiga kelele. Nikapiga kelele lile neno."

Wanaume walikuwa shambani karibu. Walishuka na majembe na fimbo. Yule mtu hakukimbia, alinyanyua vichupa vyake kuwaonyesha, na hilo likawa baya zaidi, kwa sababu kichupa kimoja kilikuwa na matone mekundu. Baadaye ilijulikana ni dawa. Alikuwa ametumwa kutafuta viluwiluwi vya mbu, ili ijulikane malaria inatokea wapi. Lakini hayo yalijulikana baada ya kupigwa. Mtawa wa zahanati ya misheni alifika na kuwafokea mpaka wakaachia, akamfunga mkono uliovunjika kwa kipande cha ubao, akamtoa pale kwa gari la misheni.

"Mkono ulikuwa umeangalia upande ambao mkono hauangalii," mama akasema. "Na aliponipita pale njiani, alinitazama."

Baada ya hapo mama akawa anaweweseka, hali chakula, wazee wakaamua apelekwe Mlali kwa mama yake mdogo. Akakaa huko miaka mitatu. Aliporudi hakuna aliyelizungumzia lile jambo, naye hakuuliza.

"Nilimwambia padre mara moja, nikiwa msichana mkubwa," akasema. "Akanipa rozari ya kusali. Nikasali. Lakini mkono wa yule mtu sijauona ukipona."

Binti wa mama mdogo alikuwa analia bila kujificha. Mimi nilikuwa na maganda ya mdalasini mapajani. Nikamwambia nitaiacha hadithi.

"Nani kakwambia uache?" mama akang'aka. "Uache, sisi tutafanya kazi na nini? Mwambie tu huyo msichana aulize kwanza. Asiwe kama mimi." Akachukua kisu chake tena. Baada ya muda, kwa sauti nyingine kabisa, akaongeza, "Na yule mchumba wake, kwao anajulikana?"

Nikarudi mjini na kwa wiki mbili sikuandika kitu. Ujumbe ukajaa. Mmoja akauliza kama nimelogwa, mwingine kama nimeolewa tena. Nilikuwa nimeacha sehemu ya mwisho mahali pabaya: Mwindaji amejificha nyuma ya migomba, kijiti mkononi, na njiani anakuja mgeni amebeba begi. Wasomaji wote walijua nini kinafuata. Nilikuwa nimekwisha kuandika mauaji ya aina hiyo mara nyingi mno, na sasa kila nilipojaribu niliona vichupa vya kioo.

Mwishowe, mchana mmoja umeme ulikatika mjini na duka likawa kimya, nikaandika. Mwindaji anatoka migombani, kijiti amekishusha, anamwamkia yule mtu na kumwuliza, "Unatafuta nini huku kwetu?" Mtu anamjibu. Wanaongea sehemu nzima, mpaka mwisho, na hakuna anayekufa.

Grupu lilichafuka. "Mwindaji gani anahoji watu, amekuwa mwenyekiti wa kitongoji?" mmoja akaandika. Wengine wakajitoa siku hiyo hiyo, bila hata kuaga. Nilizima simu, nikafunga duka mapema nikaenda kununua mboga, nikijiambia kwamba nimeharibu kitu pekee nilichokuwa nakiweza.

Nilipoiwasha kesho yake nikakuta ujumbe mrefu kutoka kwa msomaji mmoja ambaye hajawahi kuandika lolote kwenye grupu. Ni muuguzi. Kazi yake, alisema, ni kuzunguka vijijini na timu ya kukusanya damu kwa ajili ya wagonjwa, hasa akina mama wanaojifungua. Alisoma ile sehemu akiwa amekaa kwenye gari, kwenye kijiji ambacho watu walikataa kuwasogelea. Watoto walikuwa wanawapigia kelele ya lile neno kutoka vichakani. "Dada," aliandika, "nimesoma hadithi yako tangu sehemu ya kwanza na ninaipenda, lakini leo ndiyo mara ya kwanza nimejiona ndani yake. Mimi ndiye mwenye begi."

Nilisoma ujumbe ule nikiwa nimesimama. Kisha nikampigia mama, nikamsomea neno kwa neno.

"Waje huku," mama akasema. "Nitazungumza na katekista. Waje Jumapili, baada ya misa."

Haikuwa rahisi kama alivyotamka. Katekista alikubali, mwenyekiti wa kijiji akataka barua, muuguzi akahangaika na ratiba ya gari lao. Mwezi na zaidi ukapita. Na ilipofika Jumapili yenyewe, habari zilikuwa zimekwisha kutangulia. Watu walitoka kanisani wakaona gari, vitanda vya kukunja na boksi la barafu, wakapitia upande wa pili wa uwanja kama vile kuna mzinga wa nyuki. Wengine walisimama mbali kutazama. Muuguzi, dada mnene mwenye sauti ya upole, alikaa mezani na fomu zake hakuna wa kumpa.

Mama akavuka uwanja peke yake. Alikuwa amevaa sare yake ya kanisani, na kanga mabegani. Akafika mezani, akakunja mkono wa gauni mpaka begani, akaunyoosha.

Muuguzi akamwamkia, akamwuliza umri. Mama akamtajia. Muuguzi akatikisa kichwa taratibu. "Mama yangu, umri wa kuchangia umekupita. Siruhusiwi."

"Kwani damu nayo inastaafu?"

Waliokuwa karibu walicheka. Mama hakucheka. Alibaki na mkono wake umenyooka, mwembamba, na nikaona amefadhaika, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa jambo moja tu na hilo limekataliwa. Akageuka, akawatazama wale watu waliosimama mbali. Ndipo akaanza kusema. Alisimulia yote, mbele za watu anaosali nao kila Jumapili: mto, vichupa, tabasamu, kelele. Hakulia wala hakuhubiri. Alipomaliza alisema tu, "Mimi ndiye niliyepiga kelele. Leo nilitaka kutoa damu, wamenikataa. Nina binti hapa."

Akanitazama.

Naomba nieleweke. Nimeandika damu kwa miaka, nimeimwaga ndoo kwa ndoo, lakini nikikata kidole jikoni lazima nikae chini. Sindano naiogopa tangu chanjo za shule. Nilitembea mpaka kwenye kitanda. Muuguzi akanichoma kidoleni kupima, akanipima presha, akanilaza. "Tazama kanisa," akaniambia, "usitazame mkono." Mama akavuta kiti akakaa kichwani kwangu, akanishika mkono wa pili kwa kiganja chenye harufu ya mdalasini. Nilitazama kanisa. Sindano haikuuma kama nilivyodhani, iliuma kidogo, kisha nikasikia joto la mrija kwenye ngozi. Nilipoinuka dunia ikazunguka, wakanirudisha chini na kunipa soda. Binti wa mama mdogo akawa wa pili. Kisha kijana mmoja wa kwaya, kwa aibu ya kuwa amepitwa na wasichana. Kisha mwalimu wa shule ya msingi na mkewe.

Nilikuwa bado nimejilaza na soda yangu nilipomwona mzee mmoja anakuja anachechemea, anakaa kwenye benchi kando ya mama. Nilikuwa namfahamu kwa sura, anakaa kitongoji cha chini, huja misa mara chache kwa sababu ya miguu.

"Dada," akamwambia mama, "umesema ulipiga kelele. Sawa. Lakini aliyevunja ule mkono ni mimi."

Mama akamgeukia.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa na mpini wa jembe." Akajisugua goti. "Wewe walikupeleka Mlali. Hukuona."

"Sikuona nini?"

"Alirudi."

Nilijiinua kwenye kile kitanda ingawa muuguzi alikuwa amenikataza. Mzee akaeleza taratibu. Mwaka uliofuata, baada ya mvua, yule mtu alirudi. Misheni ilikuwa imemwambia mzee, wakati huo kijana, kwamba akirudi huyo bwana yeye ndiye atakayembebea begi, na hakuna mjadala. Akalibeba. Wiki nzima walizunguka madimbwi yote ya mlima ule, mmoja anachota, mwingine ameshika vichupa.

"Na mkono?" mama akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mkono ulikuwaje?"

Mzee akanyoosha mkono wake mwenyewe, akaukunja kidogo kwenye kiwiko. "Ulipinda hapa. Kidogo tu. Lakini alikuwa anautumia kwa kila kitu. Alichota nao, aliandika nao. Siku ya mwisho tulikula ugali pamoja, akanipa mkono huo huo kuniaga. Nilimwomba msamaha. Akasema amekwisha kunisamehe, ila nisimwangushie vichupa."

Mama alicheka. Alianza kucheka na katikati kicheko kikageuka, akajifunika uso kwa upande wa kanga, mabega yakimtikisika. Yule mzee akabaki amekaa kando yake, mkono bado umekunjwa hewani kama amesahau kuushusha. Zaidi ya miaka hamsini watu hawa wawili walikuwa wamesali kanisa moja, wamezikana ndugu, na kila mmoja alikuwa na nusu ya jambo moja moyoni mwake.

Boksi la barafu halikujaa siku ile, lakini halikurudi tupu. Muuguzi alipoondoka alimkumbatia mama, akaahidi watarudi, na kweli wamerudi mara mbili tangu hapo. Wapo bado wanaopita upande wa pili wa uwanja. Mama anawaamkia hivyo hivyo.

Hadithi inaendelea. Waliojitoa kwenye grupu baadhi wamerudi kimya kimya, na wengine wapya wameletwa na muuguzi. Mwindaji bado anawinda, maana kwenye hadithi yangu wanyonya damu wapo kweli na ni wabaya, ila sasa ana kazi ngumu zaidi, lazima amjue mtu kabla ya kunyanyua kijiti. Nami naona naandika vizuri kuliko zamani. Mtu akitokea kwenye hadithi, nalazimika kujua ametoka wapi, ametumwa na nani, begini ana nini.

Miezi michache iliyopita nilimleta mama mjini kupimwa macho. Akapata miwani. Sasa hamsubiri mtu amsomee, anasoma mwenyewe kwa kufuatisha kidole kwenye kioo cha simu, kisha ananitumia sauti za kunisahihisha: mdalasini hauvunwi msimu ule, njia ile haipiti pale, mwanamke wa Kiluguru hawezi kumjibu mjomba wake namna hiyo. Kuhusu harusi ya Mwindaji na mchumba wake, ambayo grupu zima linaililia, yeye ana msimamo wake. Nilidhani atakataa. Nilimwuliza kama haogopi wajukuu wenye meno.

"Watoto ni wa ukoo wa mama," alinijibu. "Watakuwa wetu. Damu ya baba yao si neno. Ninachotaka ni posa iletwe kwa utaratibu, kwa mjomba wa binti, na wazee wawili. Na aje mchana, watu wamwone."

Ndiyo ninayoiandika wiki hii, dukani, kati ya kopi na kopi. Mchumba anapanda mlima saa nne asubuhi na wazee wake wawili, jua linawachoma, watoto wa kijiji wanawafuata nyuma wakiuliza maswali, naye anajibu moja baada ya lingine. Mjomba ameketi anawangoja. Atakachowajibu sijakijua bado.